Jina la Upande wa Baba

Atupele alipotimiza miaka sita, kanisa lilimvisha bangili kama sheria inavyotaka: kila mtu amwite Mungu kwa jina la kabila la baba yake, na anayekosea aunguzwe na bangili hiyo. Mume wangu Ambakisye ni Mnyakyusa, kwa hiyo Mungu wa binti yetu ni Kyala. Mimi ni Mchaga. Tangu azaliwe nilimbembeleza kwa jina la Ruwa.

Mchana huo alifumba macho mbele ya ugali.

"Ee Ruwa, bariki..."

Harufu ya ngozi inayoungua ilinifikia kabla ya kilio chake.

"Sema Kyala, mwanangu," nikamwambia.

"Ruwa," alilia, maana ndiye aliyemzoea, na bangili ikaanza kuwa nyekundu tena.

Nikamtandika kofi la mdomo ili anyamaze. Jino likadondokea kwenye mboga. Jeraha la kofi langu litapona. Kidonda cha bangili hakiponi.

Ambakisye aliinamia sahani yake. Atupele akajifuta damu, akafumba macho, akaanza upya.

"Ee Kyala, muue mama."

Bangili ilibaki baridi. Jina lilikuwa sahihi, nasi wazazi tukaitikia amina.