Anwani ya Kijani

Ndege ndogo ya Dar ilipita juu ya mapaa ya Utende, kisiwani Mafia, ikiwa bado inapanda, na Fazal hakuinua kichwa. Alikuwa barazani kwenye nyumba yake ya wageni, kompyuta magotini, anabadilisha tangazo. Ndani ya ndege alikuwamo Hawra, bintiye wa pekee. Anamfuata mumewe Haruni, kijana wa Utende hapohapo, mpiga mbizi aliyepata kazi bandari ya Salala, Uarabuni. Fazal hakuitaka ndoa ile. Asubuhi, mlangoni, alimwambia binti neno moja tu: "Sauti yako nisiisikie humu mpaka nikuite kwa jina."

Mpishi wake, Biubwa, alitoka jikoni anafuta mikono kwa kanga.

"Mwanao kapita huyo, mzee. Hata mkono humpungii?"

"Nina kazi."

"Kazi ya kutazama kioo."

Lakini kazi ilikuwapo kweli. Nyumba ile ya vyumba vinne ilikula kwa matangazo ya mtandaoni. Mtu wa Ulaya akitafuta mahali pa kulala Mafia, tangazo la Fazal humtokea: kichwa cha maneno, na chini yake anwani kwa herufi za kijani. Fazal alijifunza mwenyewe, kwa kujaribu na kukosea, kwamba watu huisoma anwani ile zaidi ya alivyodhani. Ikiwa na jina la nyumba peke yake, katika watu mia walioliona tangazo alibonyeza mmoja. Akaongeza mwishoni "/papa-potwe", yule samaki mkubwa ambaye wageni huja kuogelea naye, wakabonyeza wanne. Ukurasa wenye jina hilo haukuwapo. Yalikuwa maneno ya pambo tu, na kila aliyebonyeza alifikia ukurasa uleule wa mbele. Ila binadamu anapenda kuambiwa anakokwenda.

Majaribio hayo Hawra aliyafanya bega kwa bega na baba yake tangu ana miaka kumi na mitano. Siku ya kwanza, kwa furaha ya kuliona jina la nyumba yao kwenye simu, alilibonyeza mara sita. Fazal akapiga meza.

"Kila ukibonyeza, wenye mtandao wananikata pesa mimi. Tangazo letu sisi tunalitazama kwa macho tu, mwanangu."

Tangu hapo Hawra akilitazama hufunga mikono nyuma, kifua mbele, kama askari wa gwaride, kumtania baba. Wakacheka sana na mchezo huo.

Sasa miezi miwili imepita na nyumba imekuwa kubwa. Fazal alianza kula amesimama. Chumba cha juu, cha Hawra, hakukipangisha hata msimu wa papa potwe, wageni walipokuwa wakirudishwa mlangoni. Laini ya zamani ya binti haikupatikana tena, na kwenda kuuliza kwa ndugu za Haruni aliona haya.

Ndipo akaandika tangazo la pili, akaliwekea mpaka: lionekane Salala tu. Nani mwingine Salala atatafuta nyumba ya wageni ya Utende? Mwisho wa anwani akaandika "/chumba-cha-juu".

Kesho yake ripoti ikasema: Salala, limeonekana mara moja, limebonyezwa sufuri.

Akaisoma amesimama. Siku ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Saa kumi na mbili asubuhi, mara moja, sufuri.

"Ni yeye," alimwambia Biubwa.

"Basi si heri hiyo?"

"Heri gani? Analiona, kisha analipita. Akibonyeza nitajua anataka kurudi. Habonyezi."

"Muite kwa jina. Andika Hawra, umemaliza."

"Jina la binti yangu silitundiki njiani kama bango la soda."

"Haya. Liweke kabatini lisichujuke."

Akajaribu kama alivyojaribu kwa Wazungu. "/kitanda-kipo". Moja, sufuri. "/chai-ya-zenab": Zenab ndiye marehemu mkewe, mama yake Hawra, na chai yake ya iliki binti aliijua. Moja, sufuri. "/mlango-wazi". Moja, sufuri. Siku tisini, anwani kumi na moja. Katika miaka yote ya kazi ile hakuwahi kuandika anwani isiyopata hata kidole kimoja. Watu wa mbali wasiomjua walimbonyeza. Damu yake ilimpita.

Siku ya tisini na moja, kabla ya chai, alilifungua tangazo la Salala akaliondoa.

"Nimeshajibiwa," alisema.

Biubwa aliweka vikombe viwili, cha baba na cha binti, akakumbuka, kimoja akakirudisha, akamimina chai.

Fazal aliiuza nyumba mwaka uliofuata. Akahamia Kilindoni, dukani kwa kaka yake Qusai, akafa huko baada ya miaka mitatu. Biubwa alirudi kwao Bweni kwenye minazi yake. Walionunua nyumba wamekipangisha chumba cha juu, na hakikai bila mgeni. Haruni bado yuko bandarini Salala. Hawra ana watoto wawili, na mkubwa anaitwa Zenab.

Siku zile tisini za tangazo, kila asubuhi saa kumi na mbili, Hawra alikuwa akiiegemeza simu kwenye birika na kuisoma anwani ya kijani mpaka mwisho, akilitafuta jina lake, mikono kaifunga nyuma. Siku moja Haruni alimwambia abonyeze, walau mzee ajue.

"Hapana," alisema. "Kila nikibonyeza wanamkata Baba."