Weji ya Baba Aoko

Selpha Ajwang alizipanga fimbo tano za gofu sakafuni, akazipitia moja moja kwa ncha ya kiatu kama mtu anayechagua kuni.

"Zote ni mbovu," alisema.

Waswa, mwenye duka, alibenua midomo. Alikuwa akiuza vifaa vya gofu vilivyotumika, ghorofani, katikati ya mji wa Kisumu, na kwa miaka sita alikuwa amejifunza kumpima mteja kabla hajamaliza ngazi. Huyu alikuwa amejifunga kitambaa cha chama cha akina mama wa kanisa, mkoba ameubana kwapani. Alikuja na kikaratasi kilichokunjwa na kukunjuliwa hadi kikaanza kuchanika, chenye mwandiko wa mwanamume: *Weji ya karibu na shimo. Digrii 56. Mkono wa kushoto. Chini iwe pana. Isizidi elfu nne.*

"Mama, weji hainunuliwi kama unga," Waswa alisema. "Mtu anaishika, anaipima uzito. Mwenyewe angekuja."

"Hana nafasi."

Waswa alimdharau mtu huyo hapo hapo. Aliwajua wa aina hiyo: wanaume wanaotaka kuonekana na wakubwa uwanjani, kumbe hata fimbo wanamtuma mke, tena kwa bei ya kiatu cha mtumba. Aliokota moja iliyong'aa.

"Hii ni elfu tatu. Kazi ya weji ni kuinua mpira juu, halafu uanguke polepole karibu na shimo, usikimbie. Sijui kama unanielewa."

"Nakuelewa. Miaka thelathini na moja nimeelezwa habari za mpira kupanda na kushuka. Nasonga ugali, yeye amesimama mlangoni ananionyesha kwa mwiko." Selpha aliisukuma ile fimbo kando. "Hii ni ya mkono wa kulia."

"Za kushoto ni adimu. Mwambie ajizoeze."

"Akiwa na miaka sitini na nane? Toa nyingine."

Waswa aliingia stoo akinung'unika. Alirudi na weji ya kushoto iliyokaa huko tangu mwaka juzi, shingo imeshika kutu, mpira wa kushikia umekauka na kupasuka. Hakuwahi kufikiri kuna mtu angeiulizia.

"Hiyo hapo. Digrii hamsini na sita, chini pana, haizami kwenye majani yenye maji. Lakini ina kutu, asipoitunza itamwishia mkononi."

"Kutu si neno. Hapa pa kushikia weka mpya."

"Mama, kwa bei hiyo—"

"Weka mpya. Wenzake wamemcheka vya kutosha." Selpha alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Na ufanye haraka. Watu wananingoja chini, tunaenda nyumbani, Kombewa."

Waswa alianza kuuchubua ule mpira uliochakaa kwa kisu. Alidhani mama huyo angenyamaza, lakini hakunyamaza.

"Mtu mzima, kila Jumamosi, anafuata kijimpira kama kuku anayefuata punje. Ungekuwa unamlipa, ungesema ni kazi. Akifika karibu na shimo anaazima weji ya mtu, anapiga, mpira unaenda kulala upande wa pili. Wanacheka. Anarudi nyumbani ananihadithia, na yeye anacheka. Mara tatu ameniomba tununue yake. Nikamwambia, Baba Aoko, nunua mbuzi. Mbuzi atazaa."

Mwanzoni Waswa alicheka. Baadaye aliacha. Alipaka gundi, akausukuma mpira mpya mahali pake, akaifuta fimbo kwa kitambaa.

"Leo asiitumie. Gundi haijakauka."

"Hataitumia leo."

"Asipoipenda, airudishe ndani ya siku saba."

"Hatairudisha."

"Unamjua vizuri."

"Namjua kuliko anavyojijua. Hata ungemuuzia ya dhahabu, mpira ungepita tu."

Alilipa, akaishika weji katikati kama mtu anayetoka shambani na jembe, akashuka ngazi bila kuaga.

Waswa alibaki ameshika kisu. Dharau yote aliyokuwa nayo juu ya mume ilikuwa imemhamia mke. Miaka thelathini na moja na ulimi kama ule. Si ajabu mzee alikimbilia uwanjani kila Jumamosi. Pengine pale kwenye majani, akichekwa na wenzake, ndipo alipopata amani.

Alifungua droo, akatoa glavu ya ngozi ya mkono wa kulia, ile wanayovaa wachezaji wa kushoto, ambayo haijawahi kupata mnunuzi. Angempa bure. Angemshika mkono, mwanamume kwa mwanamume, amwambie asikaze viganja anapopiga mpira wa karibu. Huenda hakuna aliyewahi kumwambia hivyo kwa upole.

Alishuka mbio. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa karibu na duka la saruji, na wanawake watatu wenye vitambaa kama cha Selpha walisimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Mzee yuko?" Waswa alimuuliza dereva. "Nimemletea glavu."

Dereva alimwonyesha kwa kidevu upande wa nyuma.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani, Selpha alikuwa amepiga magoti, kifuniko cha jeneza kimesogezwa kando, akiilaza weji ubavuni mwa mumewe na kuisogeza tena na tena hadi ikakaa sawa. Aligeuka, akaiona glavu, akanyoosha mkono kuipokea.