Sufuria ya Kambi

Mwalimu Obadia, mlezi wa kikundi cha watoto, alimteremsha Tabitha kwenye basi wenzake wakitazama.

"Mama Tabitha, asiyemaliza kulipa ada haendi kambini. Tusilaumiane."

Mama akatazama mizigo iliyofungwa juu ya basi. Miaka minne wali wa kambi ulikuwa ukipikwa kwenye sufuria yake kubwa, bure, bila hata asante. Akapanda ngazi ya nyuma ya basi, akafungua kamba, akaishusha sufuria.

"Sasa watoto arobaini tutawapikia kwenye nini?"

"Kwenye kitabu chako cha risiti."

Akalitupa begi la Tabitha ndani ya sufuria. Akashika mkono mmoja wa sufuria, binti akashika wa pili, wakaondoka. Nyuma yao basi lilikuwa likinguruma palepale.