Kwenda na Kurudi

Mwatumu alipogusa ukuta, wanawake wengine watano walikuwa wameshamaliza mashindano. Yeye alikuwa amebakiza kwenda na kurudi mara moja.

Bwawa la mji ule lilikuwa na desturi yake: hakuna anayetoka majini kabla ya wa mwisho kumaliza. Kwa hiyo wote watano, watu wazima wenye kazi na wajukuu, walikuwa majini wameshikilia kamba zinazotenganisha njia za waogeleaji, meno yakigongana kwa baridi, wakimsubiri yeye na bega lake lililovunjika mwaka jana.

“Mwatumu, inatosha,” alisema Bi Raya wa njia ya pili. “Umefanya mazoezi wiki sita tu, na bega lenyewe hilo! Nani atakucheka? Toka, mwenzangu, tunaganda.”

Mwatumu alitema maji. Bega lilikuwa linawaka moto.

“Tokeni nyie,” alisema. “Mimi nimekuja kuogelea.”

Akausukuma ukuta kwa miguu yote miwili, akaenda zake. Mkono wa kulia ulikata maji vizuri. Wa kushoto ulijikokota nyuma yake, lakini ulifika.

Bi Raya alisonya. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Alimtazama Mwatumu mpaka akageuka kule mwisho, kisha akaurudisha mguu majini.