Rekodi ya Kifutio

Msichana alijua arobaini zake zimefika. Nyuma ya kiti chake, kwenye chumba cha kompyuta, alikuwa amesimama mwalimu wa hesabu, yule mkali ambaye wanafunzi humwita Kifutio akiwa mbali.

Na kwenye skrini ulikuwa wazi mchezo alioutengeneza msichana mwenyewe, ukaenea shule nzima: Kifutio wa katuni kakalia gundi, anainuka, kiti kimemganda makalioni.

Mwalimu akainama. Vumbi la chaki likamdondoka vidoleni, likatua kwenye kibodi.

"Huyu mwenye pointi mia tisa ni nani?"

"Mi... mimi, mwalimu. Nimezipata sasa hivi."

Mwalimu akavua saa, akakunja mikono ya blauzi.

"Hebu sogea, mwanangu. Tangu Jumatatu nilikuwa naongoza mimi."