Maneno ya Nahodha

Bi Saumu hakuficha maoni yake. Filamu za Kihindi zilimchosha kwa machozi, za Kichina kwa mateke. Aliyempenda ni nahodha wa tamthilia ya angani, kwa sababu kila aliporusha chombo chake alimwambia mkewe redioni, "Nimekuachia chai kwenye chupa. Usiiache ipoe."

"Unamsikia mwanamume huyo?" alikuwa akimchokoza mumewe, Shekue, ambaye kazi yake ilikuwa kuzitia filamu hizo sauti ya Kiswahili. Shekue alicheka tu.

Mwaka mmoja baada ya kumzika, binti yao Rukia alileta tamthilia ileile, isiyo na sauti ya baba yake, akawa anamsomea mama maandishi ya chini.

Nahodha akashika redio.

"Anasemaje?"

"'Injini ya pili imewaka. Tunaondoka.'"

"Na chai?"

"Chai gani, mama? Huyu hata mke hana."

Bi Saumu aliitazama chupa mezani, ile aliyokuwa akiikuta imejaa kila asubuhi, Shekue akishatoka kwenda kazini.

"Rudisha nyuma," akasema. "Halafu zima sauti."

Midomo ya nahodha ikaanza kucheza kimya. Bi Saumu akasogeza kiti karibu.