Moyo wa Kitanda cha Saba

Kengele ya kitanda cha saba ililia mezani kwa manesi kwa mara ya tano asubuhi ile, na Mama Saa akajiinua kitini kama mtu anayeinua gunia.

Ilikuwa siku yake ya tatu ya kufanya zamu mbili mfululizo. Mwenzake mmoja anaumwa, mwingine yuko likizo ya uzazi, na wodi ya waliopasuliwa ina vitanda kumi na sita. Wakubwa walisema asiwe na wasiwasi. Kila mgonjwa alishabandikwa kifuani kidude kisicho na waya, kinachotuma mapigo ya moyo moja kwa moja hadi kwenye kioo cha mezani. Kidude hakichoki, walisema. Miguu yake ilikuwa imechoka kwa niaba ya wote.

Kioo kilionyesha mia na arobaini na nane. Mara tisini. Mara mia na hamsini.

Kitandani alikuwepo fundi cherehani mstaafu, aliyepasuliwa tumbo siku nne nyuma. Ameegemea mito miwili, anasoma gazeti. Mkewe alikuwa kwenye kiti kando yake, anamenya chungwa.

"Mzee, unajisikiaje?"

"Sina neno, mwanangu. Njaa tu."

"Kifua hakibani? Husikii kizunguzungu?"

"Kizunguzungu nitakipata kwa kusubiri chungwa. Huyu analimenya tangu saa mbili, hata nusu hajafika."

Mkewe akatabasamu, akajifuta jasho. "Lifti mbovu. Ghorofa tatu kwa miguu si mchezo."

Mama Saa akamshika mzee kiganja, akaitazama saa aliyoibana kwenye sare yake, ile iliyompa jina. Sabini na mbili. Mapigo yalifuatana sawasawa, kama mshono wa cherehani.

Akarudi mezani. Mia na hamsini na sita.

"Zima, uwashe tena," alisema msaidizi wa wodi akipita na mashuka.

Alishazima na kuwasha mara mbili.

Daktari alipokea simu akiwa chumba cha upasuaji, sauti yake nayo imechakaa. "Vidole vyako vimechoka, dada. Mashine ndiyo inayosema kweli. Mchome sindano ya kushusha mapigo sasa hivi, halafu ateremshwe kwa wagonjwa mahututi."

Akavuta dawa kwenye bomba la sindano, mkono ukasita. Dawa ile, kwa moyo uliotulia, ingeweza kuuzima kabisa. Kwa moyo unaorukaruka, kuchelewa nako kungeua. Miaka ishirini na miwili kazini, na leo hakujua aamini kipi, kioo au vidole vyake. Alitamani mtu mwingine aamue. Hakuwepo.

Akaenda, akavuta pazia kukizunguka kitanda.

"Mzee, samahani. Kabla sijakuchoma, nikague kwanza kile kidude."

Mzee akakunja gazeti taratibu. Akamtupia mkewe jicho, kama mwanafunzi aliyekutwa akiibia mtihani.

Mama Saa akafungua vifungo vya pajama, kimoja, cha pili, cha tatu. Kifua kilikuwa kitupu. Palibaki alama nyekundu tu ya gundi.

"Usimkasirikie, binti yangu," mkewe alisema. Chungwa lilikuwa limemponyoka, na vidole vyake vilitetemeka vikitafuta kifungo cha juu cha sweta. "Kilikuwa kinamnyima usingizi. Nikamwambia lete, nikuvalie mimi mpaka jioni."